Mnada wa Golikipa

Barua ya Mista Dani ndiyo iliyoleta balaa yote. Laiti ingepotelea posta, kama barua nyingi za maana zinavyopotea, Anyait angeendelea kummiliki ndugu yake kwa amani na hakuna mtu angemuuliza.

Mista Dani alikuwa Mmarekani wa kujitolea aliyefundisha hesabu Malaba miaka miwili, shule moja na Mwalimu Ochom. Mpira wetu wa miguu aliutazama kwa adabu tu, kama mgeni anayemaliza ugali kwa sababu mwenye nyumba anamwangalia. Chake kilikuwa besiboli, mchezo ambao kwa maelezo yake watu wengi wanasimama na mmoja anakimbia. Lakini alikuwa na mchezo mwingine uliozaliwa na huo, wa karatasi. Unajichagulia wachezaji wa kweli, watu wasiokujua wala hutawaona maisha yako yote, unawaandika kwenye daftari kuwa ni timu yako, kisha unangoja gazeti likwambie wamefanya nini, ujihesabie alama. Ochom aliupenda siku hiyohiyo. Dani alipokwenda zake kwao, Ochom aliugeuza ukawa wa mpira wa miguu, na mwaka wa sabini na nne ikaanza Ligi ya Karatasi, wamiliki watano, timu tano, na ugomvi usiokwisha.

Wachezaji walitoka kwenye Ligi ya Mpakani, ile ya kila Jumapili, ya timu za Busia, Matayos, Butula, Funyula na Malaba. Goli lilikuwa alama tatu. Golikipa asipofungwa, alama nne. Wamiliki walikutana Malaba, hotelini kwa Maimuna, nyumba ya chai iliyotazamana na foleni ya malori yanayongoja karatasi za forodha. Mwenyekiti alikuwa Usman, muuza spea wa Busia, aliyechaguliwa kwa sababu ya sauti yake nene. Zilpa aliuza vitenge soko la Busia na aliwajua wachezaji wote kwa majina ya mama zao. Edris alikuwa dereva wa lori, leo yuko Kampala, kesho kutwa yuko Malaba, na kokote alikokuwa alikuwa akiongea. Ochom ndiye aliyekuwa mwanasheria wao. Na Anyait, ambaye alipiga chapa katika ofisi ya kupitisha mizigo, alikuwa karani, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na taipureta.

Basi katika barua yake Dani aliandika kwamba huko kwao mambo yamebadilika. Zamani mchezaji alikuwa mali ya timu yake mpaka timu imchoke. Sasa mkataba ukiisha, mchezaji ni huru, anayemtaka na amfuate. Ochom aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wamiliki wote, pole pole, akitafsiri, na hata kabla hajafika kwenye salamu za mwisho Edris alikuwa ameshapiga meza.

"Hiyo ndiyo dawa," alisema. "Sisi hapa mtu anachukua mchezaji mara moja, anakaa na yeye mpaka azeeke. Hiyo si ligi, hiyo ni urithi."

Kila mtu alijua anamsema nani. Msimu uliopita Edris alimtolea Anyait washambuliaji wawili na beki mmoja ili apewe golikipa wa Malaba, na Anyait akamwambia aende akalale.

Golikipa huyo alikuwa Ojakol, mdogo wake Anyait, wa tumbo moja. Alikuwa seremala, mwenye mikono mirefu iliyomfaa katika kazi zote mbili. Siku ya kikao cha sheria, Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na saba, alikuwa na wiki tano hajaonekana. Alivuka mpaka siku ya Jumanne kwenda mji wa Kumi, Uganda, kumwangalia shangazi yao aliyekuwa mgonjwa, akasema Ijumaa atakuwa amerudi, maana Jumapili kulikuwa na mechi na Funyula. Ijumaa ikaja ikapita. Siku hizo ng'ambo kulikuwa kumeharibika, na kila mtu Malaba alikuwa na habari ya mtu fulani aliyeteremshwa kwenye basi asionekane tena. Watu walisimuliana habari hizo kwa sauti ya chini, na Anyait alipoingia, wakaanza kuongea juu ya mvua.

Anyait hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ovyo. Alisali kanisani, alikunywa dawa za hospitali. Lakini tangu wiki ya pili alijishikia jambo moja ambalo hakumwambia mtu: kwamba maadamu jina la Ojakol limo kwenye daftari la ligi, mstari wa kwanza wa timu yake, Ojakol yuko mahali anakula na kulala. Alijua ni upuuzi. Aliushika upuuzi huo kwa mikono miwili.

Kwa hiyo siku ile alikaa mbele ya taipureta na roho yake mkononi.

"Mimi nasema misimu miwili," Edris alianza. "Umekaa na mchezaji misimu miwili, kontrakti imeisha, yeye ni huru, sisi wote tunamgombania kwa mnada. Si hivyo ndiyo Amerika wanafanya, Mwalimu?"

"Karibu hivyo," Ochom alisema.

"Kwa nini miwili?" Anyait aliuliza. "Kwa nini isikuwe mitano?"

"Mitano ni ndoa, nyabo. Sisi tunaongea mkataba," alisema Edris, ambaye kila mwanamke alimwita nyabo, yaani bibi, kama watu wa Kampala.

Walicheka wote, na Anyait naye akacheka, kwa maana asipocheka watajua. Wakakubaliana misimu miwili. Wakakubaliana pia kwamba kila mmiliki atapewa maharagwe mia moja, na kwa maharagwe hayo atanunua wachezaji huru, na yakimwishia basi yamekwisha. Kukopeshana maharagwe ni marufuku. Kisha Usman, ambaye alikuwa na huruma zaidi ya sauti yake, akaleta pendekezo.

"Tuweke hivi. Mtu akitaka sana kubaki na mchezaji wake, alipe maharagwe kumi kabla ya mnada, anaongezewa msimu moja. Hiyo si mbaya, ama?"

Anyait alishusha pumzi. Maharagwe kumi si kitu, hata hamsini angelipa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika Zilpa aliponyoosha mkono.

"Kuongeza ni sawa," Zilpa alisema, "lakini huyo mchezaji awe amecheza nusu ya mechi za miezi miwili hii. Haiwezekani mtu hayuko uwanjani na bado anaongezewa kontrakti. Hata kazi ya serikali haiko hivyo."

"Na kama amesafiri?" Anyait aliuliza.

Zilpa alisawijika uso, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, ni mdomo tu uliokuwa umetangulia. "Dada, mimi siongei juu ya Ojakol," alisema. "Naongea sheria."

"Mimi pia naongea sheria. Mtu amesafiri, amekawia, anarudi kesho. Anapoteza kontrakti kwa sababu gani?"

Ochom alikohoa akasema labda waweke kifungu cha wasafiri. Edris akakataa. Akasema wakifungua mlango wa nyuma kwa mmoja, kesho Usman ataleta mlango wake na Zilpa atataka dirisha, na ligi itakuwa nyumba ya upepo. Alisema kwa utani, lakini alisema. Walipiga kura. Watatu waliinua mikono, Ochom akaangalia chai yake, na Anyait akabaki peke yake upande wa pili.

Akaipiga chapa mwenyewe sheria ile, neno kwa neno, na haikuwa na kosa hata moja. Akapiga chapa na inayofuata, kwamba mchezaji ambaye mnadani hakuna aliyetaja bei yake, jina lake linafutwa kwenye daftari. Na ya mwisho, ambayo Ochom aliitunga kwa kuwa aliwajua wenzake, kwamba tarehe ya mnada haibadilishwi kwa sababu yoyote. Mnada uliwekwa Jumamosi ya wiki mbili mbele.

Nyumbani mama yake alikuwa akichagua mchele. Mchezo huo aliuita biashara yenu ya watu, na ulimfurahisha kuliko alivyokubali. Anyait alimweleza.

"Kwa hiyo watamuuza mtoto wangu?"

"Si kuuza, mama. Ni karatasi tu."

"Basi umnunue wewe," mama alisema. "Asiende kwa watu baki. Akirudi akikuta amekuwa wa yule dereva, nitamwambia nini?"

Alimsema Ojakol vile alivyomsema siku zote, kama mtu aliyezuiwa na mvua. Anyait alimwonea wivu mama yake kwa hilo. Kila akilala alimwona Ojakol akishuka kwenye basi, na hakuwahi kumwona akipanda tena.

Wiki mbili zile zilimkausha. Mchana aliwauliza madereva waliokuja ofisini na karatasi zao: kijana mrefu, shati la buluu, ana kovu la randa kwenye kidole gumba. Wengine walitikisa kichwa. Wengine walisema watauliza, na hawakurudi na jibu. Mjomba wao Ikapel, kaka ya mama, alivuka kwenda kumtafuta, na tangu avuke alikuwa kimya. Anyait alijiambia kimya si habari mbaya. Kisha alijiuliza ni nani aliyemwambia hivyo.

Usiku na mchana aliyapanga maharagwe yale kichwani. Mshambuliaji wa Matayos alikuwa huru naye, na winga wa Butula, watu wa kuipa timu ubingwa. Aliamua hatawagusa. Yote mia moja yangekaa yakimngoja Ojakol, na Edris hata aje na mia yake yote hawezi kumpita, watafungana, na kwa sheria wakifungana anashinda aliyekuwa na mchezaji huyo tangu zamani. Alikipata kifungu hicho mwenyewe, akakikagua mara tatu.

Alhamisi ya wiki ya mnada lori la Edris lilirudi kutoka Kampala. Anyait aliliona dirishani likijipanga kwenye foleni. Siku zote Edris alikuja ofisini mwenyewe na karatasi zake, akakaa juu ya meza ya watu, akawachelewesha kazi. Safari hii alimtuma dereva mwenzake. Anyait alitoka mpaka kwenye ngazi, akamwona kwa mbali amesimama nyuma ya lori lake, na alipompungia mkono Edris aliinama kuangalia tairi ambalo halikuwa na kitu.

Ana mpango, Anyait aliwaza. Huyu amefanya mpango na anaogopa nitausoma usoni mwake.

Ijumaa alikuja Mwalimu Ochom, saa ya chakula, amevaa koti kwenye jua lile. Hakukaa.

"Anyait, nilikuwa nasema, labda tuahirishe huu mnada. Wiki moja tu."

"Kwa nini?"

"Watu wako bize. Mimi nina mitihani ya kusahihisha."

"Mwalimu, sheria ya mwisho ni nini?"

Ochom alitazama taipureta. "Tarehe haibadilishwi," alisema.

"Kwa sababu yoyote. Ni wewe uliandika hayo maneno 'kwa sababu yoyote.'"

Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kisha akasema sawa, akasema pole na kazi, akaondoka. Anyait alibaki na hasira. Sasa alikuwa ameona yote. Walitaka wiki moja zaidi ili wapange maharagwe yao vizuri, Edris na Zilpa, pengine na Usman, mia tatu dhidi ya mia yake moja, kukopeshana kuwe marufuku au kusiwe. Ochom mwenyewe alishikwa na haya akaja kumtahadharisha kwa kuzunguka. Watu wanaweza kula njama hata juu ya karatasi, maana ubaya hauhitaji shilingi.

Jumamosi alifika wa kwanza. Walipoingia wengine, kila alichokiona kilimthibitishia. Zilpa, ambaye salamu yake ilikuwa kupiga watu bega, alimkumbatia na hakumwachia haraka. Maimuna alileta chai na mandazi akakataa kulipwa. "Leo ni yangu, dada," alisema, na akarudi jikoni upesi. Edris alikaa kwenye kona, mbali na meza, kofia yake magotini. Hakusema nyabo wala hakusema chochote. Anyait aliwatazama mmoja mmoja akapiga moyo konde.

"Tuanze," alisema. "Mwenyekiti, orodha iko mbele yako."

Usman aliigeuza orodha juu chini, akasema leo ataanzia mwisho kwenda mwanzo. Golikipa ndiye wa kwanza kwenye orodha yake, kwa hiyo atakuwa wa mwisho. Anyait aliona hiyo pia ni sehemu ya mpango, wamchoshe kwanza. Hakupinga.

Ulikuwa mnada wa ajabu. Mshambuliaji wa Matayos, ambaye mwezi uliopita wangemgombania mpaka Maimuna atishie kuwafukuza, alichukuliwa na Usman kwa maharagwe ishirini na mbili, bila kelele. Winga wa Butula alikwenda kwa Zilpa kwa kumi na tano. Walitaja bei kama watu wanaoitikia majina shuleni. Mara mbili Usman alisahau ni nani aliyetaja mwisho. Anyait hakununua mtu. Alikuwa anahesabu maharagwe ya Edris, na Edris naye hakununua mtu. Rundo lake lilikaa mbele yake pale kwenye kona, juu ya gazeti, mia moja kamili.

Basi ndivyo. Edris alikuwa ameyaweka yote kwa ajili ya Ojakol, kama yeye.

Usman alifika mstari wa mwisho. Aliinua kikombe akanywa chai iliyokuwa imekwisha.

"Amebaki golikipa wa Malaba," alisema. Hakulitaja jina.

Anyait alikuwa amejifunza kwa madalali wa ng'ombe kwamba anayeanza ndiye anayeonekana ana njaa. Akangoja Edris aanze. Nje lori lilijaribu kuwaka likashindwa, likajaribu tena. Hakuna aliyeanza.

"Kumi," Anyait alisema.

Zilpa alikuwa ameushika ukingo wa kitenge chake na kuukunja, kisha kuukunjua.

"Nimesema kumi," Anyait alisema. "Edris. Kumi kwa golikipa. Unaniacha nimchukue na kumi?"

Edris alikuwa anatazama mikono yake.

Wananifanyia mchezo, Anyait aliwaza, na wakati huohuo kitu kingine ndani yake, kilichokuwa chini zaidi, kilianza kusogea. Hakutaka kisogee. Aliongea ili kisisogee.

"Ishirini," alisema.

"Dada," Usman alisema kwa sauti ambayo haikuwa nene, "huwezi jipandisha mwenyewe. Kumi ilikuwa yako."

"Sheria gani inakataza? Mimi ndiye nilizipiga chapa, hakuna. Ishirini. Zilpa, wewe? Ulisema mtu asiyekuwa uwanjani hana kontrakti. Haya, yuko huru huyo. Taja bei."

Zilpa alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha.

"Thelathini," Anyait alisema. "Arobaini." Alikuwa anayasukuma maharagwe katikati ya meza kwa kiganja, na mengine yalikuwa yanaanguka sakafuni. "Hamsini. Edris, miaka mitatu unamtaka huyu. Ulinitolea watu watatu kwa yeye mmoja. Sasa ako hapa, yuko huru. Sitini. Sema sitini na moja tu nikusikie."

Alimwomba. Alijisikia akimwomba. Katika maisha yake yote hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka wakati ule Edris amwibie ndugu yake.

Edris aliinua uso, nao ulikuwa umechoka kama uso wa mtu asiyelala tangu Alhamisi.

"Siwezi, nyabo," alisema. "Mimi siwezi gusa kitu ya mtu ambaye bado hajazikwa."

Maimuna alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Ochom alivua miwani yake, akaiweka juu ya orodha.

Ndiye aliyemweleza, kwa kuwa alikuwa mtu wa ukoo wao kwa mbali na deni la kusema lilimwangukia. Ikapel alimpata Ojakol Jumatano, chumba cha maiti cha hospitali moja ng'ambo, na kovu la kidole gumba ndilo lililomtambulisha. Aliteremshwa kwenye basi siku ileile ya Jumanne, hakuwahi hata kufika Kumi. Ikapel alimpa Edris ujumbe njiani. Mwili ungevuka kesho asubuhi, na wazee wa ukoo wangefika kutoka Amukura, na wazee hao ndio wangekaa na mama, wakapewa maji, na mkubwa wao akasema. Kwao habari ya msiba haiokotwi njiani wala haitolewi kwenye chai. Mtu wa mwisho kujua ni mwenye kufiwa, ndiyo heshima anayopewa. Kwa hiyo Malaba yote ilijua tangu Alhamisi, na Malaba yote ilinyamaza.

"Nilitaka tuahirishe," Ochom alisema. "Ukakataa. Tukasema tukisisitiza zaidi utauliza. Tukasema basi tucheze tu, kama kawaida, mpaka jioni iishe."

Na walikuwa wamejaribu, maskini. Walimdanganya kwa chai, kwa mandazi, kwa bei za uongo. Kama mmoja wao angeweza kutamka namba moja, moja tu, Anyait angeondoka pale amekasirika na mzima. Lakini kushindania kitu cha marehemu kabla ya udongo, hata kwa maharagwe, hata kwa mzaha, hakuna aliyeweza. Edris alikuwa Mwislamu wa Busia, Zilpa Mkatoliki wa Matayos, Usman babake alitoka mbali, na katika jambo hilo walikuwa watu wamoja.

Anyait hakulia. Alishangaa kwamba kilio hakiji. Aliona maharagwe sakafuni akainama kuyaokota, na Zilpa akashuka naye chini wakawa wanaokota pamoja.

"Mama je?" aliuliza kutoka chini ya meza.

"Hajui," Ochom alisema. "Tafadhali, Anyait. Wewe hukupaswa kujua. Mpaka asubuhi tu, wazee wafike. Usimvunjie."

Aliinuka na kuyarudisha maharagwe juu ya meza. "Usman," alisema, "andika. Sitini. Misimu miwili." Usman akaandika, na mwandiko wake ulikwenda mrama.

Edris alitaka kumsindikiza. Alikataa. Alikwenda kwa miguu kando ya foleni ya malori, na madereva waliokuwa wakipika chai chini ya matela yao walimwamkia kwa adabu ambayo jana hakuielewa. Jua lilikuwa bado halijazama. Kila hatua alijiambia kwamba akifika atasema kichwa kinauma, atajilaza, ataugeukia ukuta mpaka kupambazuke.

Mama alikuwa mlangoni, kisu mkononi, anamenya viazi.

"Umempata?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nimempata."

"Kwa ngapi?"

"Sitini."

Mama alipiga ulimi kwa furaha. "Sitini, kwa mtoto wangu. Na yule dereva alikubali hivihivi tu?"

Anyait aliinama kufungua viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, akazifungua, akazifunga, akazifungua tena. "Hakukubali, mama," alisema. "Walimgombania sana."

"Kaa hapa," mama alisema, na akamsogezea kigoda. "Niambie tangu mwanzo. Nani alisema nini?"

Anyait akakaa. Akamwambia kwamba wa kwanza alikuwa Edris, alisema kumi. Yeye akasema kumi na tano. Zilpa akaingia na ishirini, ambaye hakuna aliyemtarajia, na Usman akapiga meza kwa kelele zilizokuwepo. Edris akasema thelathini na tano, akasimama, akasema golikipa kama huyu hapatikani Kenya wala Uganda. Mama yake alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akamwomba arudie pale Edris aliposimama.